Bundi Asijue Kwamba Upo

"Shangazi, ananitazama!"

Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameshashuka garini, miguu imezama kwenye theluji hadi magotini, kamera usoni. Ilikuwa asubuhi ya Januari, kaskazini mwa Minnesota. Juu ya nguzo ya uzio, hatua kama kumi na tano mbele yake, alikaa bundi mkubwa wa kijivu. Bundi huyu ana uso mviringo kama ungo, na mistari yake imezunguka duara ndani ya duara kama ukindu uliosukwa. Uso ule ukageuka, macho mawili madogo ya manjano yakamkodolea kijana. Akapiga picha sita. Bundi akainama mbele, akajisaidia, akaruka, akapotea nyuma ya misonobari. Tulimngoja saa mbili nzima. Hakurudi.

Picha zilitoka safi, na kijana alizituma kwa ndugu wote, kutoka Minneapolis mpaka Tanga. Mimi kila nikiziona namwona ndege aliyefukuzwa kwenye chakula chake.

Picha ya bundi aliyekukazia macho ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayotupotosha. Bundi anayewinda hana haja nawe. Hutazama chini, hugeuza kichwa huku na huku, husikiliza. Akikugeukia na kukukodolea, ujue ameacha kazi yake ili akupime kama u hatari kwake. Umeshamkaribia kupita kiasi. Yote nitakayoeleza hapa, ya kumtafuta, ya lenzi, hata ya soksi, yanakwenda kwenye jambo hilo moja: namna ya kukaa karibu na bundi bila yeye kujali kwamba upo.

Wengi wetu hatukulelewa kumtafuta bundi. Tulilelewa kumfukuza. Nilipokuwa mdogo, bundi akilia juu ya paa, bibi alitoka nje na kijinga cha moto, akimwambia aondoke na habari zake mbaya. Asubuhi yake watoto tulikwenda na manati kumsaka mwembeni. Bibi namheshimu mpaka leo. Alikuwa akiwalinda watu wake kwa elimu aliyokuwa nayo. Ila bundi yule alikuwa amefuata panya wa ghalani kwetu, na usiku mmoja wa kazi yake ulituokolea mahindi mengi kuliko mtego wowote. Nilikuja kuyafahamu haya nikiwa mtu mzima, ugenini, kwenye baridi ambayo bibi asingeiamini.

Na baridi hiyo ndiyo msimu wenyewe. Kuanzia Novemba hadi Machi miti mingi huku imepukutisha majani yote, kwa hiyo ndege aliyejificha Julai nzima sasa anaonekana waziwazi kwenye tawi tupu. Nyasi zimelala, ardhi ni nyeupe, kila chenye rangi kinajitokeza. Tena kuna wageni. Bundi wa mbali kaskazini, wa Kanada na nchi za Aktiki, hushuka kusini miaka mingine kwa wingi, miaka mingine wachache tu. Majira ya baridi ya 2004 kuingia 2005, Minnesota ilihesabu bundi wakubwa wa kijivu zaidi ya 5,000. Sababu ilikuwa njaa: vipanya wa majani wanaowategemea walikuwa wamepungua mno kaskazini.

Bundi wa theluji, yule mweupe, mara nyingi huwa na kisa cha kinyume. Mwaka ambao lemingi, yaani vipanya vya Aktiki, wamezaana sana, bundi hulea makinda mengi, na baridi ikiingia vijana hao hutawanyika kutafuta pa kuishi. Majira ya 2013 na 2014 walisambaa mashariki mwa Marekani hadi Florida, na mmoja akafika kisiwa cha Bermuda. Watu waliwaonea huruma wakidhani wote wana njaa, kumbe wengi waliopimwa walikuwa wamenona.

Nakwenda mara kwa mara Sax-Zim Bog, eneo la vinamasi, misonobari na mashamba ya majani kaskazini-magharibi ya mji wa Duluth. Ni mwendo wa saa tatu hivi kutoka Minneapolis, barabara ikiwa nzuri. Watu hutoka Ulaya na Asia kuja kuona bundi hapo. Hata hivyo usidhani lazima uende huko. Bundi mwenye pembe, ambaye pembe zake ni manyoya tu, anaishi kwenye bustani za miji mikubwa na hata makaburini. Bundi wa theluji hupenda mahali palipo wazi kama kwao, kwa hiyo mtafute kwenye mashamba yaliyovunwa, kwenye fukwe za maziwa, na kwenye viwanja vya ndege. Kule Boston kuna bwana mmoja, Norman Smith, ambaye tangu 1981 amekuwa akiwakamata bundi hao kwenye uwanja wa ndege wa Logan na kwenda kuwaachia mahali salama, wasije wakagongana na ndege za abiria. Amefanya hivyo kwa mamia ya bundi.

Saa zako ni mbili: mapambazuko na machweo. Desemba huku jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo huna sababu ya kuamka usiku wa manane. Fika nusu saa kabla ya mwanga. Bundi mkubwa wa kijivu huwinda pia mchana, hasa siku ya mawingu, na bundi wa masikio mafupi huanza kupepea juu ya nyasi jua likiwa bado lipo. Bundi wa theluji mchana hukaa chini au juu ya nguzo, ametulia kama mfuko wa plastiki ulioachwa na upepo. Mara nyingi nimetazama mfuko wa plastiki nikidhani ni bundi, na mara mbili nimempita bundi nikidhani ni mfuko. Usimsumbue anapopumzika. Subiri jioni, ataamka, atajinyoosha bawa moja na mguu mmoja, halafu atageuza kichwa kusikiliza. Hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Kumtafuta kwenye msitu tumia masikio kwanza. Kunguru wakipiga kelele wamezunguka mti mmoja, simama. Vivyo hivyo vile vindege vidogo vyenye kofia nyeusi ambavyo watu wa hapa wameviita kwa mlio wao: vikikusanyika na kufoka kwenye tawi moja, kuna jambo. Ndege wa mchana wanamchukia bundi, na wakimgundua hawanyamazi. Kisha angalia chini. Kinyesi cha bundi ni cheupe kama chokaa iliyomwagika kwenye shina la mti, na chini yake unaweza kukuta matonge ya kijivu ya ukubwa wa kidole gumba. Bundi hummeza panya mzima, halafu hutapika manyoya na mifupa kwa donge. Ukilipasua taratibu utaona fuvu dogo na meno yake. Watoto hufurahi sana kwa jambo hili, wape glavu.

Ukiona alama hizo chini ya msonobari mzito, usiingie chini ya matawi kuchungulia. Huenda hapo karibu, usawa wa kichwa chako, amelala bundi mdogo kuliko kopo la maziwa ya unga, au kundi la bundi wa masikio marefu, ambao hushtuka upesi kuliko bundi wote ninaowajua. Ukiwaamsha mchana, kunguru watawaona, mwewe watawaona, na huenda wasilale hapo tena. Rudi nyuma, tumia darubini kutoka mbali, na ukishamwona ondoka bila kuvunja kijiti.

Sasa hili la umbali, maana ndilo kiini. Watu huniuliza, nikae mita ngapi? Sina mita za kukupa. Bundi mmoja atakuvumilia mita thelathini, mwenzake ataruka ukiwa mita mia. Yeye mwenyewe ndiye kipimo, basi jifunze kumsoma. Bundi aliyeridhika amejivimbisha manyoya kama kuku anayeatamia, macho nusu yamefumba, anakaa mguu mmoja, anajichambua. Bundi mwenye wasiwasi hunyooka na kujibana awe mwembamba kama kisiki, manyoya yamekaza mwilini, pembe zimesimama kwa wale wenye pembe, macho yamekodoka. Akiinama mbele na kutoa kinyesi, amekwisha kuamua kuruka. Ukiona hata dalili ya kwanza, simama. Ikiendelea, rudi nyuma polepole kwa njia uliyojia. Usidanganywe kwamba atazoea. Usiku wa nyuzi thelathini chini ya sifuri unamngoja, na kila aliporushwa na binadamu ametumia nguvu ambazo zilitakiwa kumfikisha asubuhi.

Njia bora kabisa ni kutomwendea. Kaa, yeye aje. Bundi anayewinda huhama kutoka nguzo hadi nguzo, na baada ya kumtazama dakika ishirini utaijua njia yake. Endesha mbele ya njia hiyo, egesha, zima injini, ngoja. Gari ni maficho mazuri kuliko hema lolote: bundi hawaogopi magari kama wanavyoogopa mtu mwenye miguu miwili. Siku njema kwangu ni ile ambayo sikufungua mlango hata mara moja.

Na mlango ukiwa umefungwa, kuna mtego mwingine. Majira yangu ya kwanza karibu picha zote zilitoka kama zimefunikwa na maji yanayochemka. Nikailaumu lenzi, nikaipeleka kwa fundi, fundi akaipima akaniambia ni nzima. Kosa lilikuwa hita. Nilikuwa nimeketi ndani ya joto, dirisha wazi, na hewa ya moto ikitoka kukutana na hewa ya barafu mbele ya lenzi. Hewa hizo mbili zikichanganyika picha hutetemeka, ukali wote hupotea, na hakuna programu ya kompyuta itakayourudisha. Tangu siku hiyo nazima hita robo saa kabla, nafungua madirisha yote, na kukubali kuwa ndani ya gari na nje ya gari ni baridi moja.

Lenzi ya milimita 400 ndiyo mwanzo. 500 au 600 ni bora, kwa sababu urefu wa lenzi ndio unaokununulia umbali. Kama huna, usifidie kwa miguu. Piga bundi mdogo ndani ya mandhari kubwa, na uzio, na miti, na ukungu. Picha za namna hiyo nazipenda kuliko zile za uso peke yake. Lenzi iegemeze kwenye mlango wa gari juu ya kifuko. Changu nilikishona kwa kipande cha kitenge nikakijaza maharage, na hakijawahi kuniangusha. Bundi aliyetulia anatosheka na kasi ya shata ya 1/250. Anaporuka nenda 1/1600 au zaidi, ISO ipande inakotaka. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, ukungu wa mwendo hauvumiliki.

Theluji huidanganya kamera. Kamera hudhani dunia yote ni ya kijivu, ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, nawe unarudi nyumbani na theluji ya rangi ya jivu na bundi aliye giza. Ongeza mwangaza hatua moja, siku ya mawingu hata moja na nusu. Kwa bundi mweupe jihadhari, maana jua likimpiga kifuani manyoya yake hupotea kabisa. Hapo rudisha kidogo na uangalie grafu ya mwanga kila baada ya picha chache. Flashi iache nyumbani. Zima pia mlio wa shata kama kamera yako inaruhusu: masikio unayoshindana nayo humsikia kipanya anayetembea chini ya theluji ya karibu nusu mita.

Uwindaji huo nao wastahili kuonwa kwa macho, maana ndiyo picha ambayo wachache huipata kwa sababu wachache hungoja. Bundi mkubwa wa kijivu ana matundu ya masikio yasiyolingana, moja juu kuliko jingine, na uso ule wa ungo unakusanya sauti na kuielekeza humo. Anaruka bila mlio wowote, kwa kuwa kingo za manyoya yake ya mbele zimechanika kama meno ya kitana. Akifika anasimama hewani juu kabisa ya mahali pale, kwa sababu theluji hupinda sauti na njia iliyonyooka chini ndiyo isiyomdanganya. Kisha anajitupa, uso kwanza, na dakika ya mwisho anatanguliza miguu. Kwa macho utadhani ni ndege mzito kuliko wote, ila ni manyoya. Uzito wake ni kilo moja na kidogo, bundi wa theluji anamzidi. Unapomwona ameanza kupepea mahali pamoja, shikilia kidole kwenye kitufe.

Hapo ndipo wengine huingiza panya wa dukani. Hununua panya weupe, humtupa mmoja thelujini, na bundi mwenye njaa huja moja kwa moja kuelekea kwenye lenzi. Picha hizo unazijua: mabawa yamefunguka kote, makucha mbele, macho kwenye kamera. Naomba usifanye hivyo, na usimlipe mtu anayekufanyia. Bundi aliyejifunza kwamba gari lililosimama ni chakula atayafuata magari, na barabara za vijijini huku zimejaa bundi waliogongwa. Mashindano ya picha za ndege ya Audubon, shirika la Marekani la kuhifadhi ndege, hayapokei picha za ndege wawindaji walioitwa kwa chambo. Hata mkanda wa mlio wa bundi kwenye simu uuache. Desemba na Januari bundi wenye pembe wanaitana wawili wawili, dume kwa sauti nzito, jike kwa nyembamba, na wengine watakuwa wameshalalia mayai theluji ikiwa bado juu ya mgongo wa jike. Ukimpigia mlio wa mgeni, dume huacha kila kitu kuja kupigana na simu yako. Ukimwondoa jike kiotani, mayai yanaweza kuganda.

Ukishampata, usitangaze mahali. Januari 2021 bundi wa theluji alitua Central Park jijini New York, wa kwanza kuonekana hapo tangu 1890, na kwa saa chache umati ulikuwa umemzunguka uwanjani. Kule palikuwa na uzio na walinzi. Shambani kwenye nguzo ya mkulima hakuna. Mtandao wa eBird, ambako wapenda ndege huandika waliyoyaona, huficha mahali halisi pa aina kadhaa za bundi kwa sababu hiyohiyo. Picha iweke, taja mkoa, inatosha. Na kumbuka kuondoa alama ya mahali ambayo simu huiandika ndani ya picha bila kukuuliza.

Kuhusu baridi nitasema machache lakini uyashike, hasa wewe uliyekuja juzi kutoka Mombasa au Bujumbura. Usivae pamba mwilini. Hushika jasho na jasho hugeuka barafu. Vaa sufu, tabaka juu ya tabaka, soksi za sufu, na buti kubwa kidogo ili vidole vipate kucheza. Glavu jozi mbili, nyembamba ndani ya kifuniko kinene. Kwenye nyuzi thelathini chini ya sifuri ngozi iliyo wazi huganda kwa dakika chache, na kidole kilichokufa ganzi hakikuambii. Betri za kamera hufa mapema, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na kifua, uzibadilishe kwa zamu. Tangi la petroli lisishuke chini ya nusu. Chukua koleo, blanketi, chakula, chai kwenye chupa. Usiegeshe pembeni bila kuangalia, maana theluji hufunika mtaro ukaonekana kama ardhi tambarare. Mimi nilivutwa na trekta la mkulima, mzee mwema aliyekataa hata kupokea shukrani ya fedha. Na mashamba yale ni ya watu. Tazama ukiwa barabarani.

Walioko nyumbani Afrika Mashariki hawahitaji theluji. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, yuko bundi mdogo wa Sokoke, ambaye nje ya hapo hupatikana tu kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Pemba nayo ina wake, asiyepatikana popote pengine duniani. Waongozaji wa Sokoke wanajua kichaka anacholala mchana, nao hukuonyesha kwa zamu, kwa kunong'ona, dakika chache kisha mnaondoka. Wakikuambia yatosha, yatosha.

Mwaka uliofuata nilirudi Sax-Zim na kijana wetu. Safari hii alikaa kiti cha nyuma, dirisha wazi, kifuko cha maharage chini ya lenzi, pua nyekundu. Bundi alitua nguzo ya tatu kutoka kwetu akatupa kisogo. Tukangoja dakika arobaini. Hakutugeukia hata mara moja. Kisha akaondoka kimya, akasimama hewani, akazama thelujini mpaka mabawa, akatoka na kitu cheusi mguuni. Alipokwisha kwenda tuliona shimo dogo, na pande zote mbili za shimo chapa ya kila unyoya wa mabawa yake, kama mtu aliyebonyeza viganja kwenye unga. Kijana akaipiga picha hiyo pia.

Kabla hatujaingia nyumbani nilimkumbusha kuifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki tukiwa bado nje, joto la ndani lisije likajaza lenzi umande. Aliiacha humo mpaka chai ya tangawizi ilipokwisha.